Anayehamia nyumba mpya apelekewe na spana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na watu wanaohamia kwenye nyumba zao, na zaidi niseme na sisi tunaowapelekea zawadi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Chanika, wilaya ya Ilala. Wateja wangu wengi ni watu wa nyumba ya kwanza: mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, dereva, mama wa genge, kijana wa bodaboda aliyelipia kiwanja kidogo kidogo. Wanaanza kwangu na saruji, wanarudi kwa nondo, kisha bati, kisha waya na mabomba, mwisho rangi na vitasa. Hadi siku ya kuhamia tunakuwa tumejuana mpaka majina ya watoto, nami naalikwa kwenye shughuli.

Huko ndiko ninakoona zawadi. Seti za vikombe, mashuka, chupa za chai, saa ya ukutani, zulia, mapazia. Sina neno na vikombe, wageni lazima wanywe chai. Lakini sijawahi kuona mtu ameleta nyundo, au bisibisi, au spana. Mwenye nyumba ametumia miaka kujenga. Mafundi wameingia na zana zao na wametoka na zana zao. Usiku wa kwanza analala ndani ya nyumba ya mamilioni akiwa hana kifaa cha kukazia skrubu ya kitasa.

Wala si watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu na majengo, yakapatikana zaidi ya milioni 14 nchi nzima. Mkoa wetu wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Huku pembezoni mwa jiji hatujengewi na kampuni. Tunajenga wenyewe, chumba baada ya chumba, na tunahamia nyumba haijaisha ili tuache kulipa kodi ya pango. Nyumba ya namna hiyo ina kazi kila wiki. Leo kitasa kimelegea, kesho koki inadondosha, keshokutwa mlango wa choo haufungi. Ukimwita fundi kwa kila moja, nauli yake na nusu siku yake vinazidi thamani ya kazi yenyewe. Usipomwita, kazi inakua.

Nianze na maji, kwa sababu hayo hayasubiri kupambazuke.

Masika fulani, mama mmoja wa mtaa wetu aligonga geti langu usiku. Mumewe ni dereva wa malori ya Tunduma, alikuwa safarini. Kiungio cha bomba chini ya sinki la jikoni kilikuwa kimefyatuka, na tanki la lita 1,000 lililo juu ya mnara nyuma ya nyumba lilikuwa linajimwaga lote ndani. Alijua kuna koki ya kufungia mahali, fundi alishamwonyesha mumewe. Tuliitafuta kwa tochi tukaikuta imefunikwa na mchanga na majani, shingo imeshika kutu, mkono hauigeuzi. Kwa spana iligeuka, taratibu, mbele kidogo nyuma kidogo, maana ukiilazimisha inakatika na hapo umeongeza msiba. Lakini spana ilikuwa dukani kwangu. Hadi niende nifungue kufuli nirudi nayo, godoro la watoto lilikuwa limekunywa maji na kabati jipya la jikoni limeanza kuvimba miguuni.

Kwa hiyo kabla ya kununua zana yoyote, mwenye nyumba ajue koki kubwa ya kufungia maji iko wapi na swichi kuu ya umeme iko wapi. Na asijue peke yake. Mke ajue, dada wa kazi ajue, mtoto mkubwa ajue. Koki hiyo ifungwe yote na kufunguliwa yote kila baada ya miezi michache, isije ikaganda ikisubiri siku ya shida. Iwekewe kijisanduku cha tofali au kipande cha bomba kubwa kuizunguka, ili mchanga usiifukie.

Spana ya kwanza kununua ni ile ya kurekebisha mdomo, urefu wa inchi 10. Itashika nati nyingi za koki na za masinki. Ya pili ni spana ya bomba, yenye meno. Watu huniuliza za nini mbili. Ni kwa sababu ukigeuza nati kwa spana moja, bomba lote linageuka nayo, na kiungio kilichokuwa kizima ndani ya ukuta kinaanza kuvuja mahali usipopaona. Moja ishike bomba lisitikisike, nyingine igeuze. Kwenye koki inayong'aa weka kitambaa kati ya meno na chuma, usiikwaruze. Yale mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto hayana nati ya kugeuza. Hayo muachie fundi mwenye mashine yake.

Pamoja na spana, weka nyumbani tepu nyeupe ya kuzungushia kwenye maungio ya bomba, na mipira michache ya koki ya nusu inchi. Tepu izungushwe upande uleule ambao nati inafungia. Wengi huizungusha kinyume, na nati inapoingia inaikunjua yote, koki inavuja vilevile, halafu wanakuja kuniambia tepu ni mbovu.

Koki inayodondosha maji mara nyingi haihitaji kubadilishwa yote. Kama ni ile ya kuzungusha mizunguko kadhaa, funga maji kwenye koki kubwa, ifungue hiyo mbovu iishe maji yaliyobaki, fungua nati ya shingo, vuta ule mti wa katikati, na chini yake utakuta kijimpira kimeliwa. Weka kipya cha saizi ileile, rudisha. Mpira huo ni wa bei ndogo mno, na nimewauzia koki nzima watu ambao walihitaji mpira tu kwa sababu hawakuwa na spana ya kufungulia wauone. Nikiwaeleza, wengi wanashindwa kuamini. Zile koki za kisasa za kugeuza robo mzunguko hazina mpira huo. Ndani zina visahani vigumu, na zikiharibika hubadilishwa kipande chote cha ndani. Usiukaze mkono wake ukidhani utaziba.

Nahamia kwenye bisibisi. Nyumba inahitaji nne hivi: bapa kubwa na ndogo, ya nyota kubwa na ndogo. Ncha ijae kwenye mfereji wa skrubu. Ncha ndogo kwenye skrubu kubwa inakula kichwa, na skrubu iliyoliwa kichwa haitoki tena kwa amani. Uzuri wa bisibisi utauona mlangoni. Milango mingi tunayonunua sasa ni ya mbao ambayo haijakauka vizuri. Masika inavimba, kiangazi inasinyaa, na kila inaposinyaa skrubu za bawaba zinalegea kidogo. Mlango unashuka, unaanza kukwaruza marumaru, na watu wanaita seremala aupige randa. Akiuranda kumbe tatizo lilikuwa bawaba, mvua ikiisha unabaki na pengo la kupitisha panya. Kaza skrubu kwanza. Kama tundu limepanuka na skrubu inazunguka bure, itoe, jaza tundu kwa vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, acha ikauke, irudishe. Baba yangu alikuwa seremala Tanga na ndivyo alivyofanya kwenye milango ya watu wenye pesa na ya wasio nazo.

Angalia pia skrubu za kitasa cha mlango wa mbele na za komeo. Zikilegea, mlango unaonekana umefungwa, lakini bega moja tu linatosha kuuingia.

Bisibisi ikichakaa usiitupe. Ndiyo nzuri ya kupimia mchwa. Dunga fremu ya mlango karibu na sakafu, kila baada ya muda, hasa upande wa choo na wa nje. Mbao nzima inakataa. Iliyoliwa inazama kwa ulaini na nje rangi bado inapendeza.

Nyundo moja inatosha, ya gramu 450 hivi, yenye kucha ya kung'olea misumari. Ishike mwisho wa mpini, si shingoni. Uzito wake ndio ufanye kazi. Msumari wa kupigilia mbao haufai kwenye ukuta wa tofali za saruji, unapinda na kubomoa plasta. Kuna misumari migumu ya ukutani, na kwa kitu kizito kama kabati la vyombo au televisheni tunatoboa kwa drili na kuingiza kile kijiti cha plastiki ndipo skrubu ikae. Drili si lazima uinunue. Kazi hiyo ni ya siku moja tu kwa mwaka, azima au mwite fundi.

Lakini kuhusu nyundo na ukuta nina jambo ambalo ningependa kila anayehamia alisikie kabla hajatundika picha ya harusi. Mafundi wetu wa umeme hukata mfereji ukutani wakapitisha bomba la waya, na mara nyingi bomba hilo linapanda wima kutoka kwenye swichi hadi darini, au linashuka wima hadi kwenye soketi. Ukishapigwa plasta na rangi huoni kitu. Usipigilie msumari moja kwa moja juu ya swichi wala soketi, wala chini yake. Sogea pembeni, mkono mzima. Na kama bado unajenga, mwombe fundi akusubiri upige picha kuta zote kwa simu kabla plasta haijapigwa. Hizo picha zihifadhi mahali hazitapotea. Siku ya kutoboa ukuta zitakuwa na faida kuliko picha ya uzinduzi.

Kwenye umeme wenyewe zana ya mwenye nyumba ni chache, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Testa, yaani kile kijibisibisi chenye taa ya kuonyesha kama kuna umeme, bisibisi ndogo, na plaizi yenye mpini uliofunikwa vizuri. Umeme wetu ni wa volti 230, unaua. Kabla ya kuiamini testa iguse kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, uone taa yake inawaka. Iliyokufa itakuambia hakuna umeme hata pale ulipo. Na hata ikikuambia hakuna, zima swichi kuu. Kazi zako ni kubadilisha balbu, kubadilisha plagi na kubadilisha fyuzi ya plagi. Ukifungua plagi ya miguu mitatu, waya wa kahawia unakaa upande wa fyuzi, wa bluu upande wa pili, na wa kijani wenye mstari wa njano juu, kwenye mguu mrefu. Kuvuta waya mpya, kuongeza soketi, kugusa chochote cha mita ya LUKU, hapana. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na unayo haki ya kumwomba akuonyeshe leseni hiyo kabla hajapanda darini.

Fyuzi za plagi zinauzwa za ampea 3 na za ampea 13. Ya 3 ni ya kifaa kidogo kisichozidi wati 700 hivi, kama feni, redio, televisheni. Ya 13 ni ya pasi, birika la umeme, jiko dogo la umeme. Nimeona plagi ambazo fyuzi yake imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Aliyefanya hivyo amelitoa jambo pekee lililokuwa likimlinda yeye na watoto wake wasiungue usingizini, na ameokoa pesa isiyonunua hata soda. Naumia sana nikiona hivyo. Nunua pakiti ya fyuzi, iweke ndani ya nyumba.

Futi kamba ya mita 5 na pima maji ya urefu wa mkono, ile ya kuangalia kama kitu kimelala sawa, zinakaa pamoja. Usitoke nyumbani kununua pazia, meza, friji wala kioo bila kupima. Nimeona friji likirudishwa kwa guta kwa sababu mlango wa jiko haukulitosha. Ile ndoano ya mwanzo wa futi kamba inacheza kidogo. Wateja wananirudishia wakisema imelegea. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi: inacheza kwa unene wake yenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukiivuta kwenye ukingo wa mbao au ukiisukuma kwenye kona ya ukuta. Ikikazwa ndiyo inaanza kudanganya. Pima maji nayo ijaribu dukani kabla ya kulipa. Iweke mezani, angalia povu limekaa wapi, kisha igeuze kichwa kiwe mkia mahali palepale. Povu lirudi palepale. Lisiporudi, chukua nyingine, na muuza duka asikukasirikie.

Msumeno wa chuma ni mmoja, na unakata bomba la plastiki, nondo nyembamba, kufuli iliyopotezewa ufunguo. Meno ya wembe wake yaelekee mbele, mbali na mkono. Panga, jembe, chepe, reki sina haja ya kueleza. Mtanzania hahitaji kufundishwa jembe, na wa rika langu bado tunakumbuka yale ya viwanda vya zana za kilimo, UFI ya Ubungo na ZZK ya Mbeya. Ngazi azima kwa jirani, na usipande bati likiwa limelowa.

Sasa kuhusu masanduku. Kuna sanduku la plastiki lenye vipande vingi vinavyong'aa, linauzwa kila mahali kuanzia Kariakoo hadi stendi za mikoani, na kwa sura linapendeza kuliko kitu chochote dukani. Mtu anayetaka kutoa zawadi hulikimbilia hilo. Mimi siliuzi tena. Bisibisi zake nyingi ni za chuma laini, ncha inajipinda kwenye skrubu ya pili ya bawaba. Spana zake zinafunguka mdomo zikibanwa. Mwenye nyumba akishindwa mara mbili anaamini mikono yake ndiyo mibaya, anafunga sanduku, halifunguliwi tena. Afadhali zana sita za kweli kuliko vipande mia vya maonyesho.

Ya kweli unaitambua hivi. Plaizi ifunge, inyanyue kwenye mwanga: midomo ikutane sawasawa, mwanga usipenye nchani. Spana ya kurekebisha ifungue nusu, utikise ule mdomo unaotembea; ukicheza sana utakula kona za nati. Bisibisi yenye maandishi Cr-V imedaiwa kuwa ya chuma kigumu, lakini maandishi yanachapwa na yeyote, kwa hiyo angalia ncha yenyewe, iwe imekatwa safi, kona zisiwe za mviringo. Nyundo, shika kichwa uzungushe mpini; usicheze hata kidogo. Zana zilizotumika za kutoka Ulaya, zinazouzwa kwa mafungu pale Kariakoo upande wa Gerezani, mara nyingi ni chuma bora kuliko mpya za bei hiyo. Kutu ya juu inatoka kwa msasa na mafuta. Iliyopasuka au kuliwa meno usichukue.

Mahali pa kuziweka, kila nyumba mpya inapo tayari: ile ndoo tupu ya rangi, ya lita 20. Ioshe, chini tandika kitambaa kilichopakwa mafuta ya mashine, maana hewa ya huku kwetu inakula chuma hata kikiwa ndani. Zana zisimame humo, tepu na mipira na fyuzi viwe kwenye kopo dogo ndani yake. Ikae stoo au nyuma ya mlango wa jiko, mahali ambapo kila mkubwa wa nyumba anafikia bila kuomba. Nasisitiza hapo. Nyumba nyingi zana zikiwepo ni za baba, zimefungiwa kwenye buti la gari au chini ya kitanda, na baba yuko kazini. Maji hayamsubiri. Mama anayeshinda nyumbani ndiye anayekutana na koki, kitasa, waya wa kuanikia na mguu wa kiti, na ndoo hiyo ni yake kwanza.

Mabinti nao. Wa umri wangu shuleni tulifundishwa kushona na kupika, wavulana wakapewa msumeno. Baba yangu hakufuata hilo. Alinipa nishike upande wa pili wa futi kamba, baadaye akanipa randa. Leo wateja wanaume wakiingia dukani wakauliza fundi yuko wapi, vijana wangu wananinyooshea kidole mimi. Napenda mabinti wa wateja wangu wawe hivyo kwenye nyumba watakazoingia, ziwe zao au za kupanga. Mpe binti wa miaka kumi bisibisi akaze mguu wa kitanda chake mwenyewe. Usimwondolee mkononi akichelewa.

Wako mafundi watakaosoma hapa wakaona nawanyang'anya riziki. Hapana, ndugu zangu. Nyinyi ndio mnaoleta wateja dukani kwangu, na ninajua hakuna fundi anayefurahi kutoka Gongo la Mboto hadi Chanika kubadilisha mpira wa koki kisha abishanie nauli. Mwenye nyumba anayejua spana ni nini anakuita mapema, anakueleza vizuri shida iko wapi, na haamini uvumi kwamba umemwekea kiungio kibovu makusudi. Na yule asiyejitambulisha kwa leseni wala kwa kazi yake, anayebadilisha koki nzima kila mara kwa sababu mteja haoni ndani, huyo ndiye atakayepungukiwa, nami sitamlilia.

Wauza duka wenzangu, nawaomba jambo moja. Mteja akija kununua rangi ya mwisho na vitasa, anahamia wiki hiyo. Muulizeni kama ana spana. Kama hana pesa ya zote, mpeni orodha iliyoandikwa kwa mkono, achukue moja kila mwezi: spana ya kurekebisha kwanza, bisibisi, nyundo, halafu zinazofuata. Mimi nafanya hivyo, na wanarudi. Ndugu na majirani wakija kuulizia zawadi nawaambia wachangiane ndoo moja, kila mtu zana yake, na jina lake nalipaka kwa rangi kwenye mpini. Anayekuja kuazima baadaye anajua ni ya nani na anarudisha.

VETA nayo, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ina vyuo mikoani, naiomba ifikirie darasa la mwenye nyumba, yule asiyetaka kuwa fundi wala cheti. Jumamosi mbili zinatosha: moja ya maji, moja ya milango na plagi. Ada iwe ya kumudu mama wa genge, na muda uwe wa mchana, kabla hajarudi kupika.

Na wewe Mhariri, kama nafasi inaruhusu, tenga kona ndogo kila wiki ya kazi moja tu ya mkono, yenye mchoro: wiki hii mpira wa koki, wiki ijayo bawaba, halafu plagi. Nimezungumza na mafundi ninaowaamini hapa mtaani, wa bomba, wa umeme na seremala. Wako tayari kueleza bure, na michoro tutaichora wenyewe tuilete ofisini kwako.

Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi,
Chanika, Dar es Salaam